Darasa la Fedha Lisilo na Ada



Nimeombwa nieleze ni wapi mtu asiye na ada ya kozi anaweza kujifunza kutunza na kuendesha fedha zake. Nitawatajia mahali hapo, tena si pachache. Ila naomba nianze na lile ninaloliamini zaidi, ili kama muda ukituishia liwe limeshasemwa. Masomo ya fedha ya bure yapo tele katika nchi hii. Yamechapishwa, yametangazwa redioni, yamewekwa mtandaoni. Kinachokosekana ni kikao cha kuyasoma pamoja, kila mmoja akiwa na karatasi zake mwenyewe mezani. Na kikao hicho ninyi wa vikundi vya akiba na mikopo mnacho tayari, kila wiki, chini ya mwembe au kwenye baraza la mwenzenu. Mnakitumia kukusanya hisa na kutoa mikopo. Naomba mkitumie pia kusoma.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kampeni za redio za elimu ya watu wazima. Mwaka 1969 ilikuja Kupanga ni Kuchagua, iliyowaeleza wananchi mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, wakiongozwa na viongozi wa vikundi zaidi ya elfu 70 waliopewa mafunzo mafupi. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kikundi kinakutana mara moja kwa wiki, kinasikiliza kipindi redioni, mmoja anayejua kusoma anawasomea wengine sura ya kijitabu, kisha wanajadili: hili linatuhusu vipi hapa kijijini kwetu, na wiki hii tutafanya nini? Wakitoka hapo wanakwenda kuchimba choo, kufyeka nyasi zinazozunguka nyumba, kufunika kisima. Mwaka 1975 wakarudi tena na Chakula ni Uhai.

Wengi wa waliokaa katika vikundi vile hawakuwa na cheti chochote. Wako walioanza kusoma herufi mwaka uleule. Walijifunza kwa sababu somo lilihusu nyumba zao, lilikuja kwa Kiswahili, na lilimalizika kwa kazi ya mikono ambayo jirani angeiona. Napenda sana sharti lile la mwisho. Aliyeahidi kuchimba choo na asichimbe alijulikana na kikundi kizima.

Leo hali ya fedha zetu inadai kampeni ya namna hiyo. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Nyingi ya huduma hizo zimekuja kwa njia ya simu. Muuza mchicha wa Mabibo anakopa kwa kubonyeza namba, usiku, peke yake, bila afisa wa kumuuliza swali na bila mwenzake wa kumwambia ngoja kwanza. Huduma imemfikia mapema kuliko maelezo yake. Sipingani na huduma hizo hata kidogo. Mwanamke aliyekuwa akipanda basi na fedha kifuani kumpelekea mama yake Singida, sasa anazituma akiwa kibandani kwake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyewekewa benki mkononi ana haki ya kujua benki hiyo inamkata nini.

Twende sasa kwenye vitabu vyetu. Cha kwanza hakipo maktaba wala mtandaoni. Ni karatasi na jumbe ulizonazo tayari: ujumbe wa muamala kwenye simu, hati ya mshahara kama umeajiriwa, mkataba wa mkopo uliousaini, daftari la wateja wanaokudai na unaowadai, kitabu chako cha hisa. Ukitaka kuanza kujifunza fedha leo bila shilingi moja, fungua jumbe za miamala za mwezi uliopita na uandike makato yote: ya kutuma, ya kutoa kwa wakala, ya kununua umeme, na ada ya mkopo mdogo uliouchukua ulipoishiwa salio. Jumlisha. Hiyo ndiyo gharama yako ya kutumia fedha zako mwenyewe kwa mwezi mmoja, na hakuna kozi ya kulipia itakayokwambia hivyo. Watu wengi wanaijua bei ya unga kwa kila duka la mtaani, lakini namba hii hawajawahi kuiona.

Karatasi ya pili ni mkataba wa mkopo, na hapa naomba tukae kidogo. Chukueni kalamu.

Tuseme mama mmoja mwenye mgahawa mdogo amekopa shilingi 200,000 kwa mwezi mmoja, katika mikopo ile ambayo mitaani inaitwa kausha damu. Anaambiwa riba ni asilimia 20, na rejesho ni shilingi 60,000 kila wiki kwa wiki nne. Kabla hajapewa fedha anakatwa 10,000 ya fomu, kwa hiyo anatoka na 190,000 mkononi. Atarejesha 240,000. Gharama yake ni 50,000 juu ya 190,000 alizopokea, yaani zaidi ya asilimia 26. Bado hatujamaliza. Wiki ya kwanza ikiisha ameshatoa 60,000. Ya pili, 120,000. Ya tatu, 180,000. Mwisho wa wiki ya tatu, katika fedha yote aliyoipokea amebakiwa na shilingi 10,000 tu ambazo hajazirudisha, na rejesho la 60,000 bado linamsubiri. Ule mkopo wa mwezi mzima aliofikiri anao, kwa hakika aliutumia wote kwa siku saba tu za mwanzo.

Sasa linganisheni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wapo daraja la pili, na Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 200,000, hiyo ni shilingi 7,000. Mama yetu, tukiondoa fomu, ametozwa riba ya 40,000. Akilijua hilo kabla ya kusaini anaweza kuuliza leseni iko wapi, na anaweza kuondoka. Akilijua baada ya kusaini, anaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu, ambako kuna dawati linalopokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha bila malipo. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aeleze masharti na gharama zote kabla ya mkataba. Haya yote yamo katika nyaraka zinazopatikana bure kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania.

Tugeuze ukurasa. Mkopo wa shilingi 1,200,000, miezi kumi na miwili, riba asilimia 2 kwa mwezi. Watu wawili wanakopa, mmoja huku na mwingine kule, wote wanaambiwa asilimia 2. Wa kwanza anatozwa riba juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho: 24,000 mara 12, jumla 288,000. Wa pili anatozwa juu ya salio linalopungua, na kila mwezi anapunguza deni kwa 100,000. Mwezi wa kwanza riba ni 24,000, wa pili 22,000, wa tatu 20,000, hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho 2,000. Jumla yake ni 156,000. Tofauti kati yao ni 132,000, na kwenye bango la mtoa mikopo wote wawili walisoma namba ileile. Swali la kumuuliza afisa mikopo ni hili: riba inakokotolewa kwenye mkopo wote au kwenye salio? Akisita, mwombe akuandikie marejesho yote, mwezi kwa mwezi, ujumlishe mwenyewe.

Nimekuwa nikiwafundisha watu wazima hesabu hizi kwa chaki na ubao, na naweza kuwahakikishia kwamba hakuna aliyeshindwa kwa kukosa elimu ya sekondari. Mtu anayepiga hesabu ya kreti za nyanya kutoka Ilula mpaka sokoni, akaondoa nauli, ushuru na zilizooza njiani, ana akili ya kutosha kwa riba yoyote. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye mara ya kwanza.

Ndiyo maana nakirudia kikundi. Mnajua wenyewe kikao kinavyokwenda. Sanduku linawekwa katikati, walioshika funguo wanakuja mbele, kufuli tatu zinafunguliwa. Mweka hazina anauliza salio la kikao kilichopita, wanachama wanalitaja kwa kinywa, kila mtu akiwa amelibeba kichwani. Hisa zinanunuliwa, mhuri unagongwa kwenye kitabu, mfuko wa jamii unachangiwa kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mikopo inaombwa hadharani na mtu anaulizwa anakwenda kuifanyia nini. Mfumo huu, ambao shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991 na wanawake wa Maradi nchini Niger, una elimu ya fedha ndani yake hata pale ambapo hakuna aliyekuja kufundisha. Anayesikiliza maombi ya mkopo ya wenzake mwaka mzima amesikia mipango mingi ya biashara kuliko mwanafunzi wa chuo. Siku ya kuvunja kikundi anaiona faida ikigawanywa kwa hisa, na anaelewa gawio ni nini bila kufafanuliwa. Miongozo ya kuendesha vikundi hivi, pamoja na mafunzo ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hupatikana bila malipo kutoka kwa mashirika yanayovilea. Waulizeni pia maafisa maendeleo ya jamii wa kata zenu, maana vikundi vya kijamii ni daraja la nne katika sheria ile niliyoitaja, na halmashauri zina wajibu kwenu.

Ila kikundi kina udhaifu mmoja ambao lazima niuseme. Kinajua yale tu ambayo wanachama wake wanayajua. Kama wote mnaamini kwamba fedha ikikaa kibubuni iko salama, hakuna atakayewaambia kwamba bei zikipanda asilimia 3 kwa mwaka, kama zilivyokuwa zikipanda hapa kwetu miaka ya karibuni, milioni moja iliyolala kibubuni itanunua vitu vichache mwakani kuliko inavyonunua leo. Kwa hiyo sauti ya nje inahitajika, na hapo ndipo zinapokuja zile nyenzo nilizoitiwa hapa.

Ya kwanza ni Wiki ya Huduma za Fedha Kitaifa, ambayo Wizara ya Fedha iliianza mwaka 2021 viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na baadaye ikawa inahamia mikoani. Kuingia ni bure. Benki Kuu, mamlaka ya bima, mifuko ya hifadhi ya jamii, soko la hisa na benki za biashara wanakuwa uwanja mmoja. Watu wengi hupita kuchukua kofia na vipeperushi. Nawashauri mpeleke wajumbe wawili wa kikundi wakiwa na maswali yaliyoandikwa, wakae kwenye meza ya Benki Kuu mpaka wajibiwe, halafu warudi kuwaeleza wenzao.

Ya pili ni masoko ya mitaji, ambayo watu wanayaogopa bila sababu. Hati fungani ya serikali inaanzia shilingi milioni moja na dhamana ya muda mfupi laki tano. Matokeo ya minada yake hutangazwa wazi na Benki Kuu, mtu yeyote ayasome. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo wa kwanza wake, Umoja, ulianza mwaka 2005, hutangaza bei ya kipande kila siku ya kazi. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, lina mashindano ya wanafunzi wa vyuo ambamo kijana hununua na kuuza hisa kwa fedha za kuigiza. Napenda njia hiyo, maana kijana anayepata hasara ya fedha za kuigiza amejifunza bila kumlilia mtu. Kama una mtoto chuoni, mwambie ajiandikishe. Na msikilizaji wangu Mwislamu anayeikwepa riba asidhani mlango umefungwa. Tangu Amana Bank ifungue milango mwaka 2011, benki nyingine nazo zimeweka madirisha ya huduma zinazofuata sharia, na maafisa wake wanalazimika kukueleza mkataba hatua kwa hatua, maana mkataba wenyewe ndio uhalali wa biashara. Hata asiye Mwislamu atajifunza kitu kwa kuwasikiliza.

Majirani zetu wa Kenya wana mambo mawili ya kuigwa. Benki Kuu yao na chama cha mabenki wameweka mtandaoni kikokotoo kinachoonyesha gharama kamili ya mkopo, ada zote zikiwemo, benki kwa benki. Pia mwaka 2017 serikali yao iliuza hati fungani ya M-Akiba kwa njia ya simu, kuanzia shilingi za Kenya 3,000. Lakini ni hukohuko tulikoona upande wa pili. Huduma ya mikopo kwa simu ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayechukua mara moja kwa dharura huenda asiione. Anayechukua kila mwezi analipa asilimia 90 kwa mwaka. Baada ya hapo zikaja programu nyingi za mikopo zisizosimamiwa na mtu, zikiwapigia simu ndugu na mabosi wa waliochelewa kulipa, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikatoka mwaka 2022. Kwetu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Orodha hiyo ni bure. Ilipaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa.

Kwa wanaosoma Kiingereza, zipo kozi nzuri zisizo na ada. Khan Academy ya Marekani ina masomo ya fedha binafsi kwa video fupi. Open University ya Uingereza inatoa kozi iitwayo Managing My Money. Someni sura za bajeti, riba, na mfumuko wa bei, ambazo zinafaa popote. Sura za kodi, pensheni na alama za mikopo ziacheni, kwa kuwa zinaeleza sheria za nchi zao, na nimewaona vijana wakizikariri bila kujua NSSF yao wenyewe inawakata kiasi gani. Kijana aliyemaliza kozi hiyo awe na deni kwa kikundi cha mama yake: aje aieleze kwa Kiswahili, kwa mifano ya soko la hapa.

Sasa nizungumzie bure iliyo na sumu, kwa sababu inafanana sana na hii niliyoisifu.

Wengi wenu mnakumbuka mpango wa DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu, nao watavuna mara kadhaa. Mafunzo ya kujiunga hayakuwa na ada, yalitolewa kwa upole, na walioleta habari walikuwa majirani na waumini wenzao. Wa mwanzo walivuna kweli, kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, watu wakabaki na kadi mikononi, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Waliopoteza hawakuwa wajinga. Walikuwa walimu, manesi, wastaafu waliotoka kupokea kiinua mgongo. Hakuna aliyekuwa amewapa hesabu moja ndogo: fedha inazalishwa na kazi gani? Upatu wa kinamama kumi unaeleweka, kila mtu anapokea alichochanga kwa zamu. Shamba linaeleweka. Lakini mpango unaolipa wa zamani kwa kiingilio cha wapya lazima ukatike siku wapya watakapokwisha, hata kama mwendeshaji wake ni mcha Mungu.

Leo mbegu hizo zinapandwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Anajitokeza mtu na darasa la bure la kubadilisha fedha za kigeni, siku tatu za mwanzo ni mafundisho, ya nne ni picha za magari, ya tano unaombwa kuweka kiasi kidogo. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni maswali matatu kwa mwalimu yeyote wa bure. Nani anakulipa? Nikishajifunza, unataka ninunue nini, au nimlete nani? Na leseni yako ipo kwa nani, Benki Kuu, mamlaka ya masoko ya mitaji, au mamlaka ya bima? Benki inayofundisha kuweka akiba ina maslahi yake, na hakuna ubaya, mradi uyajue. Wasiwasi wangu ni kwa yule anayekasirika ukimuuliza.

Kuna jambo wasomi wamelibishania ambalo linawahusu ninyi walimu wa elimu ya watu wazima mliopo hapa. Mwaka 2014 Fernandes, Lynch na Netemeyer walichambua tafiti nyingi za elimu ya fedha wakakuta athari yake kwa mwenendo wa watu ni ndogo mno, na hufifia kadiri muda unavyopita. Mwaka 2022 Kaiser, Lusardi na wenzao wakachambua majaribio 76 wakapata matokeo ya kutia moyo zaidi. Mimi nimevutwa na utafiti wa tatu, wa Drexler, Fischer na Schoar, uliofanywa na wafanyabiashara wadogo wa Jamhuri ya Dominika. Kundi moja lilifundishwa misingi ya uhasibu. Kundi la pili lilipewa kanuni chache nyepesi, mojawapo ikiwa kuziweka fedha za biashara mahali tofauti na za nyumbani. Waliopewa kanuni nyepesi ndio walioboresha utunzaji wao wa fedha.

Nalichukulia somo hilo kwa uzito, maana tumezoea kuwajaza watu vitini. Mtu anayeuza chapati hahitaji kujua mizania kabla ya kujua kwamba fedha ya unga wa kesho haikai mfuko mmoja na ada ya mtoto. Mpe mikoba miwili au laini mbili za simu, mwambie ajilipe kiasi maalumu kila jioni, na kilichobaki asikiguse. Akifanya hivyo mwezi mmoja atarudi mwenyewe kuuliza faida yake ni kiasi gani, na hapo ndipo daftari la hesabu linapata mwenyewe. Na somo likija siku mtu anapolihitaji, linakaa. Mfundishe riba wiki anayotaka kukopa, bima ya afya anapokuwa mjamzito, mirathi na wosia kabla hajaugua. Kikundi kinayajua majira haya ya kila mwanachama kuliko wizara yoyote.

Nina maombi mawili kwa wenye mamlaka, na nayasema kwa heshima. Mikataba ya mikopo midogo iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ukurasa wa kwanza uwe na namba tatu tu kwa herufi kubwa: unachopokea, utakachorejesha, na tofauti yake. Na redio ya taifa pamoja na redio jamii zirudishe vikundi vya kusikiliza, kipindi kimoja kwa wiki, kijitabu kimoja kwa kila kikundi, kama mwaka 1973. Vikundi havihitaji kuundwa upya safari hii. Vipo tayari kwenye kila kata, na vina kufuli na funguo.

Ninyi msisubiri hayo. Kikao chenu kijacho, kabla sanduku halijafunguliwa, tengeni nusu saa. Mwanachama mmoja alete mkataba wake wa mkopo, afunike jina kama anaona haya, msome pamoja, na mjumlishe kila shilingi mpaka ya fomu. Wiki inayofuata alete mwingine. Mkikwama, ofisi yetu ya elimu ya watu wazima iko wazi kila siku ya kazi, njooni na karatasi hiyo tuisome pamoja, na hatutozi chochote.